Chura wa Kihansi: Miaka Kumi Ndani ya Kioo

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 wa rangi ya manjano waliokotwa kwenye majani yaliyolowa ya Korongo la Kihansi, kusini mwa milima ya Udzungwa, wakasafirishwa kwa ndege hadi New York. Mkubwa kuliko wote hakufika sentimita tatu kwa urefu. Walikwenda kwa makubaliano kati ya serikali ya Tanzania na shirika la uhifadhi linaloendesha Bustani ya Wanyama ya Bronx, wakiwa akiba endapo jambo baya lingetokea nyumbani. Haikupita miaka mitano, ile akiba ikawa ndiyo mali yote iliyobaki.

Habari za chura wa Kihansi zimeandikwa sana kama habari za bwawa la umeme. Ni haki, kwa kuwa bwawa ndilo lililoanzisha yote. Lakini kuna nusu ya pili ya historia hii ambayo haisimuliwi vya kutosha, nayo ilipita ndani ya matangi ya kioo, mikononi mwa watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kufuta kioo, kupima maji na kuzalisha vijidudu vya kulisha vyura. Bila wao leo tungekuwa tunamzungumzia chura huyu kwa picha tu.

Mto Kihansi unatoka juu milimani, unafika kwenye ukingo wa safu, kisha unajitupa. Unashuka zaidi ya mita 800 ndani ya kilomita chache, poromoko baada ya poromoko, ndipo unatulia bondeni na kuungana na maji ya Kilombero. Kwa karne nyingi maji hayo yaligonga mwamba na kurusha rasharasha isiyokoma, masika na kiangazi, usiku na mchana. Rasharasha hiyo ndiyo iliyoilea mimea laini ya jamii ya kangaga iliyofunika mawe ya korongo, na ndani ya mimea hiyo aliishi chura ambaye hajapata kuonekana popote pengine duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta mbili hivi, chini ya viwanja vitatu vya mpira.

Watafiti walimkuta mwaka 1996. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliomtangaza rasmi mwaka 1998, pamoja na John Poynton, Barry Clarke na Jon Lovett, wakampa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis. Jenasi hiyo ni ya Tanzania peke yake. Tangu mwaka 1905, Mjerumani Gustav Tornier alipochapisha habari za vyura waliotoka milima ya nchi hii, wataalamu wa dunia walijua kwamba huku kuna vyura wasiotaga. Jike wa Kihansi hubeba mimba. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba vitoto vyeusi huonekana kwa ndani, na siku zikitimia huzaa vyura kamili, wenye miguu yote minne, kila mmoja na urefu wa milimita tano hivi. Viluwiluwi vya kuogelea havimo kabisa katika maisha yake. Kwa mnyama anayekaa kando ya maji yanayoporomoka kwa nguvu hiyo, ambako yai lolote lingesombwa, sioni njia nyingine ambayo ingemfaa zaidi.

Walipomkuta, ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza. Hapa ndipo lilipo kosa la msingi: uchunguzi wa mazingira uliotangulia mradi haukumwona, na ule uliomwona ulifanyika ujenzi ukiwa tayari unaendelea. Mradi wa umeme wa Kihansi Chini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wahisani wengine, ulijenga ukuta wa zege juu ya maporomoko na kuyapitisha maji kwenye handaki hadi mitambo mitatu iliyo chini ya ardhi, kila mmoja wa megawati 60. Jumla ni megawati 180, na kwa nchi yenye kiu ya umeme hicho si kiasi cha kudharau. Mto uliokuwa ukipeleka wastani wa takriban mita za ujazo 16 kwa sekunde ulipoteza karibu asilimia 90 ya maji yake pale korongoni. Rasharasha ikakatika. Mimea iliyozoea kulowa ikaanza kukauka, na magugu ya nchi kavu yakaingia.

Barazani na magazetini swali likawa moja: umeme au chura? Liliulizwa kwa hasira, mara nyingi na watu waliokuwa wamekaa gizani, na hasira yao ilikuwa na sababu. Hata hivyo swali lenyewe lilikuwa baya. Maji yaliyokuja kuachwa yapite korongoni ni kama mita za ujazo mbili kati ya zile 16. Yaliyobaki yote yanaendelea kuzungusha mitambo. Hakuna aliyeombwa kuzima taa ya nyumba nzima kwa ajili ya chura. Kilichohitajika ni kumhesabu kabla ya kuchora ramani ya handaki.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, yanayoendeshwa na mteremko wa maji yenyewe, ili yarushe matone kwenye makazi ya vyura mahali pa rasharasha ya asili. Yalifanya kazi kuliko wengi walivyotarajia. Kijani kikarudi, vyura wakaongezeka, na hesabu ya Juni 2003 ilikadiria kwamba walikuwa karibu 20,000.

Huko Marekani mambo yalikuwa yanakwenda kinyume. Vyura wale 499 waligawanywa kutoka Bronx kwenda bustani nyingine kadhaa, zikiwemo za Toledo, Detroit na Baltimore, kwa hekima ya kale ya kutoyaweka mayai yote kapu moja. Hekima hiyo haikutosha, maana hakuna mtu duniani aliyewahi kumfuga. Hapakuwa na kitabu cha kufungua wala mzee wa kuulizwa. Wakafa kwa minyoo ya mapafu. Wakafa kwa maambukizi ya bakteria na kwa udhaifu wa mifupa na lishe. Bustani moja baada ya nyingine ikabaki na matangi matupu, na ilipofika mwaka 2004 waliosalia walikuwa takriban 70 tu, Bronx na Toledo.

Ufugaji wa aina hii una ugumu wake, ndiyo maana nasimama hapa kidogo. Watu humwona chura ndani ya tangi la kioo wakadhani kazi ni kumtilia maji na kumtupia wadudu. Chura hunywa kwa ngozi, na sehemu kubwa ya pumzi yake hupitia ngozi. Maji ya bomba ya mjini yenye klorini, yanayomfaa binadamu, yanaweza kumwangamiza. Kwa hiyo watunzaji walichuja maji kwanza, kisha wakafunga mitambo ya kuyapuliza kama ukungu mara nyingi kwa siku, ili tangi lilowe bila kugeuka dimbwi. Joto likadhibitiwa. Taa zikachaguliwa upya, zile zenye mionzi ya urujuanimno inayomwezesha mnyama kutengeneza vitamini D, kwa kuwa mifupa yake hujengwa kwa mwanga kama inavyojengwa kwa chakula. Korongoni jua lilimpa mionzi hiyo bure. Chini ya dari ya saruji katika mji wa baridi, ni lazima mtu aipime na kubadilisha taa kabla haijachoka.

Chakula kilikuwa shughuli nyingine. Mtoto wa milimita tano hawezi kummeza nyenje, hata aliyeanguliwa jana. Anahitaji kijidudu kidogo kuliko yeye mara nyingi, hai, kila siku, tangu siku ya kwanza. Watunzaji wakazalisha kolembola, vijidudu vinavyoishi kwenye majani yaliyooza na visivyoonekana vizuri bila kukaza macho. Wakazalisha inzi wa matunda wasioweza kuruka, na nyenje wachanga waliopakwa unga wa madini na vitamini. Ili kumfuga chura mmoja mdogo, ilibidi kwanza kufuga jamii tatu au nne za wadudu, nao wana magonjwa yao, chakula chao na misimu yao ya kukataa kuzaana. Mzunguko huo ulipokaa sawa, kule kuzaa bila viluwiluwi kukageuka neema. Hapakuhitajika matangi ya ziada ya kulelea mayai. Mtunzaji aliinua jani asubuhi akawakuta watoto wamekwisha kuzaliwa, wakiwinda.

Wakati watunzaji wanajifunza hayo, idadi ya vyura wa Kihansi iliporomoka. Miezi michache tu baada ya hesabu ile ya Juni 2003 vyura walitoweka kwa kasi ambayo haijawahi kuelezwa hadi kila mtu akaridhika. Januari 2004 watafiti waliona watatu na kusikia sauti za madume wawili. Baada ya mwaka huo hakuonekana tena. Yametajwa matope yaliyofunguliwa kutoka bwawani mwaka 2003, na dawa za mashambani zilizokuwa ndani yake. Yametajwa mabomba yaliyokorofisha. Lakini mizoga ilipochunguzwa ilikutwa na kuvu inayoitwa kitridi, ambayo hushambulia ngozi ya chura na kuvuruga chumvi mwilini mpaka moyo unasimama. Imewaangamiza vyura kuanzia Australia hadi Amerika ya Kati. Wanasayansi waliipa jina mwaka 1999 tu, baada ya kuipata kwa chura wa buluu wa Amerika ya Kusini aliyefia ndani ya tangi, kwenye bustani ya taifa ya wanyama mjini Washington. Kwa maneno mengine, ulimwengu wa wafugaji ndio uliomtambua muuaji, na biashara ya kusafirisha vyura ni mojawapo ya njia zilizomsambaza. Mwenye kutaka kuandika historia ya ufugaji huu kwa uaminifu hana budi kuyaweka yote mawili.

Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimtangaza chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini. Wakati huo huo, ndani ya matangi ya Bronx na Toledo, wale 70 walikuwa wamegeuka maelfu.

Agosti 2010 vyura 100 walipanda ndege kurudi Tanzania. Hawakupelekwa korongoni. Walipelekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kwenye jengo lililoandaliwa kwa ajili yao, na wakati huo watunzaji Watanzania walikuwa wamekwisha kufunzwa ile kazi ya maji, taa na wadudu. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe kubwa kuliko zote katika habari hii. Kabla yake, ujuzi wa kumweka hai mnyama wa Udzungwa ulikuwa New York na Toledo, jimboni Ohio. Baada yake ulikuwa Mlimani pia, katika mji wa joto la pwani ambako tatizo la watunzaji liligeuka: wenzao wa Marekani walihangaika na baridi ya nje, wao wakahangaika kupooza chumba saa zote ili chura wa milimani asichemke, katika nchi ambayo umeme hukatika. Ndiyo, umeme, pamoja na ule unaotoka Kihansi.

Kurudi korongoni kulihitaji subira. Ilibidi kwanza kujua kama udongo, mimea na wadudu wa pale bado vinamfaa, na kama angehimili kuvu ambayo haikuwa imeondoka. Mwishoni mwa mwaka 2012 takriban vyura 2,000 waliachiliwa chini ya mabomba ya manyunyu. Kabla ya hapo hapakuwahi kutokea popote duniani mnyama wa jamii ya vyura aliyetangazwa kutoweka porini akarudishwa kwao. Wengine walifuata miaka iliyokuja. Kuingia korongoni sasa ni kwa utaratibu: buti huoshwa kwa dawa kwanza, na watu hupita juu ya madaraja ya mbao yaliyojengwa ili mguu usikanyage majani.

Matangi hayajafungwa, wala hayapaswi kufungwa. Kitridi ingali korongoni, mabomba yanahitaji fundi, na ugonjwa mmoja unaweza kufuta kazi ya miaka kama ulivyofanya 2003. Anayedhani kwamba kuendelea kuwafuga Dar es Salaam ni kupoteza fedha baada ya vyura kurudi kwao, na amtazame jamaa wa karibu wa chura huyu. Mwaka 2003, katika msitu wa Uzungwa Scarp ulio kwenye safu hiyo hiyo ya Udzungwa, watafiti walipata chura mwingine wa jenasi hii kando ya kijito kimoja. Mwaka 2004 walimtangaza kwa jina la Nectophrynoides poyntoni, kwa heshima ya yule Poynton aliyeshiriki kumtangaza wa Kihansi. Wamerudi mara kadhaa kumtafuta na hawajamwona tena. Huyo hakuwahi kuwekwa kwenye tangi lolote, Bronx, Toledo wala Mlimani.