Maarifa ya Mlau: Warufiji na Operesheni ya Mwaka 1969

Mto Rufiji ni mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Kabla ya kumwaga maji yake baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia, hupita katika bonde pana la tambarare ambalo tangu zamani lilikuwa likifurika, mwaka huu kwa wingi na mwaka ule kwa uchache, baina ya Machi na Mei. Mgeni aliyelitazama bonde hilo katika miezi hiyo aliona maji matupu, akakata shauri mara moja kwamba wenyeji wamefikwa na msiba. Mwenyeji alikuwa na hesabu nyingine. Kwake maji yale yaliweza kuwa hasara, lakini pia yalikuwa mbolea iliyoletwa hadi shambani bila ya gharama. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo iliyo chanzo cha mengi yaliyowapata Warufiji tangu mwaka 1969.

Haifai kuendelea kabla ya kukieleza kilimo chenyewe. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, kwa makisio kwamba mafuriko yatakapofika miche iwe imekwisha kurefuka, iweze kusimama pamoja na maji. Maji yakiwahi, yaliuzamisha ungali mchanga. Yasipofika kabisa, uliungua kwa jua. Hiyo ilikuwa hatari ya kwanza, na kila mkulima aliijua. Kisha, yapata Juni, maji yalianza kushuka. Hapo ardhi ingali na unyevu, na juu yake tope jipya lililoachwa na mto, mkulima alipanda mahindi, kunde, maboga na pamba pasipo kungoja mvua. Kilimo hicho ndicho kiitwacho mlau. Mwaka ambao maji mengi yaliangamiza mpunga, aghalabu ndio mwaka ambao mlau ulistawi, maana ardhi iliyolowana ilikuwa kubwa zaidi. Basi afisa aliyefika mwezi wa Mei kuhesabu hasara aliiona nusu moja tu ya hesabu. Nusu ya pili ilikuwa haijapandwa bado.

Maarifa haya hayakuwa ya kusemwa katika hotuba. Yalikaa katika vitendo. Mtu alipenda kuwa na vipande vya shamba mahali mbalimbali, kimoja juu kidogo na kingine chini, ili mafuriko yawe makubwa au madogo asikose vyote. Yalikaa pia katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo humo humo shambani, ambamo jamaa nzima waliweza kukaa maji yakipita chini yao. Humo waliamia ndege mchana, na usiku wakalinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu na viboko. Na maji yalipoingia katika maziwa ya bondeni, kama vile Ruwe na Zumbi, yalileta samaki, na samaki walikuwa kitoweo na fedha.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa, na ni haki kukiri kwamba serikali haikuwa na nia mbaya. Watu walikuwa na shida ya chakula, na tena walikaa wametawanyika, jambo lililofanya iwe vigumu kuwajengea shule, zahanati na visima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuelekeza njia ya vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo mwaka 1969 ikaja Operesheni Rufiji, miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa nchini, na watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko, hasa kaskazini mwa mto. Ajabu ni kwamba mnamo Oktoba 1968, katika waraka wa Uhuru na Maendeleo, Rais Nyerere alikuwa amesisitiza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi.

Wala mfano wa onyo haukukosekana. Mwaka 1947 Waingereza waliuanza mpango wa karanga huko Kongwa kwa ramani na matrekta, katika nchi ya Wagogo ambao tangu hapo walijua kwamba mvua za kwao si za kutegemewa. Mpango ule ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Baada ya uhuru ilikuwa rahisi mno kuucheka mkasa ule kama kiburi cha mkoloni, na pengine kicheko hicho ndicho kilichozuia funzo lake lisisikike.

Huko miinukoni ardhi ilikuwa ya kichanga, ikafaa mikorosho na mihogo. Shule na zahanati zilikaribia, na wengi walizifurahia. Lakini mashamba ya mpunga na mlau yalibaki bondeni, mbali na nyumba. Mlau hauna subira: siku chache zikipita baada ya maji kushuka, unyevu umekwisha. Mkulima aliyelazimika kwenda na kurudi kwa miguu alizipoteza siku hizo njiani, na usiku, shamba likiwa halina mlinzi, nguruwe walijilia. Watu waliohamishwa ili waepukane na njaa wakaondolewa kwenye ardhi iliyowalisha. Haikuchukua muda mrefu, baadhi yao wakaanza kurejea na kujenga madungu kwa msimu, bila ya ruhusa ya yeyote.

Katika miaka ya 1970, bwawa la umeme lilipofikiriwa kujengwa kwenye korongo la Stiegler, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Rufiji, wakawauliza wakulima. Mlau ukaingia katika ripoti zao, miaka kadhaa baada ya watu kuhamishwa.

Bwawa hilo, ambalo sasa lina jina la Nyerere na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ugawaji wa ardhi yake, na hiyo ni hatua ambayo Warufiji wa 1969 hawakuwa nayo. Hata hivyo sauti ya kijiji hukomea kwenye mpaka wa kijiji. Mlau hutegemea siku ambayo maji yatapanda na siku ambayo yatashuka, na siku hizo sasa, kwa sehemu kubwa, hupangwa kwenye milango ya bwawa, mbali juu ya mto, na watu ambao hawana shamba bondeni.