Baa za Kitambo London: Vile Utaingia, Utaagiza na Kutoka Bila Kuchoma Picha

Wasee wengi wakishuka Heathrow wako na plani ile ile: picha na Big Ben, uwanja wa Arsenal ama Chelsea, halafu kutafuta mahali kuna ugali. Hizo zote ni fiti. Lakini ukikaa huko wiki mbili utagundua maisha ya Waingereza mob huendelea ndani ya baa. Hapo ndipo watu wa ofisi huenda Ijumaa, ndipo mafundi hupatana, na ndipo mwanafunzi mgeni huanza kupata mabeste. Kama umeenda shule, umepata kazi ya unesi ama umetembelea tu kaunti ya wajomba, siku moja mtu atakuambia twende. Afadhali ujue rada mapema.

Neno lao, pub, ni kifupi cha maneno yanayomaanisha nyumba ya umma. Zamani ilikuwa nyumba ya mtu kabisa, yenye ruhusa ya kuuzia watu pombe. Ndio maana za kitambo hazifanani na klabu za Westlands. Ziko na vyumba vidogo vidogo, dari ya chini, mbao nyeusi na moto wa makaa. Zingine hazina hata mziki.

Za kuanza nazo

Ukitaka moja tu, tafuta Ye Olde Cheshire Cheese pale Fleet Street. Mlango wake uko ndani ya kichochoro kinaitwa Wine Office Court, so ukitembea ukiangalia simu utaipita. Moto mkubwa ulipochoma London mwaka 1666, baa iliyokuwa hapo iliisha. Ikajengwa tena 1667, na ndio hiyo watu wanaingia hadi leo. Kando ya mlango kuna ubao wenye majina ya wafalme na malkia wote waliotawala Uingereza tangu ijengwe upya. Ndani ngazi zinashuka tu, chumba chini ya chumba, hadi unafika stoo za chini zenye kuta za mawe. Mtu mrefu, chunga kichwa.

Fleet Street ndio ilikuwa mtaa wa magazeti ya Uingereza, so hii baa ilijaa waandishi. Charles Dickens na Mark Twain ni kati ya wale wanatajwa kuwa walipitia hapo. Lakini staa mwenyewe alikuwa kasuku anaitwa Polly. Alipokufa 1926, magazeti kama 200 yaliandika habari za kifo chake. Kasuku, wasee. Reuters, shirika kubwa la mwisho la habari kwa huo mtaa, lilihama 2005, na siku hizi wateja wengi ni mawakili, watu wa benki na watalii.

Ya pili ni The George Inn, upande wa Southwark, karibu na stesheni ya London Bridge. Ilijengwa upya 1677 baada ya moto mwingine. Enzi hizo magari ya farasi yalikuwa yanaingia kwa uwanja wake, abiria wanalala juu. Ndio baa ya mwisho London iliyobaki na zile roshani za mbao za wageni. Inamilikiwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, lakini bado inauza bia kama kawaida.

Ya tatu ni The Lamb and Flag, Covent Garden. Kwa kichochoro cha kando yake, mshairi John Dryden alivamiwa na majambazi wa kukodiwa mwaka 1679 akapigwa vibaya. Siku hizi hapo nje utapata tu watu wamesimama na glasi wakipiga stori.

Kumbuka baadhi ya baa za katikati ya jiji hufunga wikendi, juu wateja wao ni watu wa ofisi. Cheki saa zao kabla uende.

Hakuna weita atakuja

Hii ndio inachoma Wakenya wengi. Nairobi unakaa, weita anakuja, anauliza "baridi ama moto?" London ukikaa hivyo utakaa hadi wafunge. Unaenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa hapo hapo, unabeba glasi yako hadi kwa meza.

Kwa kaunta hakuna laini ya kuonekana, lakini laini iko. Kila mtu anajua nani alifika kabla yake, na muuzaji pia anajua. Usipige mluzi, usipunge noti, usiite "boss" kwa sauti. Simama mahali anaweza kukuona, mwangalie, ngoja. Akikuuliza na kuna mtu alikuwa mbele yako, sema ni huyu. Hapo utaheshimika bila kutoa hata senti.

M-Pesa sahau. Wengi hulipa kwa kadi. Tipu si lazima kwa kaunta. Ukitaka kumshukuru muuzaji, desturi ni kumwambia ajiwekee yake moja, halafu ataongeza bei ya kinywaji kwa bili yako.

Kama bado unakaa mdogo, beba pasipoti. Umri wa kununua pombe ni miaka 18, lakini sehemu nyingi wanauliza kitambulisho mtu yeyote anayeonekana ako chini ya 25. Usikasirike, hata wenyeji wanaulizwa.

Bia "moto" ina wenyewe

Hapa Mkenya ako mbele ya wengine. Kila mtalii husema bia ya Waingereza haina baridi. Mzae wako wa Murang'a ama Kisii, yule hunywa Tusker ya kutoka kwa kreti na si kwa friji, hawezi shangaa.

Bia yao ya asili inakaa kwa pipa chini ya baa na inaendelea kuchacha ndani ya hilo pipa. Haiongezwi gesi. Muuzaji anaivuta kwa mkono na ule mpini mrefu ulio kaunta, na inatoka ikiwa na baridi kidogo tu, nyuzi 11 hadi 13 hivi. Pipa likishafunguliwa linafaa kuisha ndani ya siku chache, la sivyo bia inachacha vibaya. Ndio maana unaweza kuomba kuonja kidogo kabla ununue, na hakuna mtu atakuona mshamba.

Chunga neno keg. Kwetu keg ni Senator, ile ilizinduliwa 2004 ili watu waache pombe za kuua. Huko keg ni bia yoyote iliyo kwa pipa la gesi, yenye baridi na povu. Kuna watu hazipendi hata kidogo. Mwaka 1971 wasee wanne walianzisha chama kinaitwa CAMRA kupigania ile bia ya kuvutwa kwa mkono isipotee, na hadi leo kiko na wanachama mob.

Kipimo ni painti, mililita 568. Hiyo ni zaidi ya chupa ya Tusker, ambayo ni 500. Ukitaka polepole, agiza nusu painti. Kama povu limekula glasi, unaweza kuomba kwa adabu uongezewe.

Pia jua baa nyingi ni za kampuni ya bia. Cheshire Cheese ni ya Samuel Smith, kampuni ya Tadcaster iliyoanza 1758, na humo utapata vinywaji vyao tu. Usiitishe Guinness. Samuel Smith pia hawataki mziki wala televisheni ndani ya baa zao, na 2019 wakaongeza marufuku ya simu. Kama ulikuwa unaenda kupiga TikTok, maliza hiyo biashara nje.

Raundi ni deni

Ukienda na watu wanne, mmoja atasema anaenda kaunta na kuuliza kila mtu anakunywa nini. Hiyo ni raundi, na si sadaka. Ukikubali moja, nawe unafaa kununua yako kabla ya kutoka. Mtu anayekunywa za wenzake halafu anapotea ikifika zamu yake hukumbukwa miaka.

Sasa piga hesabu. Painti moja katikati ya London mara nyingi inapita pauni 6. Kwa pesa zetu hiyo inagonga kama thao. Watu watano, raundi moja, ni thao tano zimeenda. Kama uko kwa bajeti ya mwanafunzi, sema mapema, kabla ya glasi ya kwanza, kwamba utajinunulia mwenyewe. Hakuna mtu atauliza mara mbili. Ni ule wa kusema baada ya raundi ya tatu ndio huchoma.

Kuna wakati kununuliana kulikuwa haramu kabisa. Oktoba 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, serikali ilikataza London mtu kumnunulia mwenzake kinywaji. Waliona raundi ndizo zinalewesha wafanyakazi wa viwanda vya silaha.

Kama hunywi

Ingia tu. Watu wengi huko huagiza soda ya limau, maji ama bia isiyo na kilevi, na hakuna anayeangalia glasi yako. Chakula pia kipo: samaki na chipo, pai, na Jumapili nyama ya kuoka na viazi. Kama huli nguruwe, zile pakiti za vitu vya kutafuna kwa kaunta uliza kwanza, juu zingine ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa.

Nani alikuwa anaruhusiwa kukaa hapo

Ukiwa Cheshire Cheese utaona kibao cha zamani juu ya mlango wa chumba kimoja, kinasema humo wanahudumiwa wanaume tu. Siku hizi watu wanakipiga picha wakicheka. Lakini kwa mtaa huo huo kuna baa ya mvinyo, El Vino, ambayo ilikuwa inakataa kuuzia wanawake waliosimama kaunta. Walipaswa kwenda kukaa nyuma. Wanawake wawili, Tess Gill na Anna Coote, waliipeleka kortini, na Novemba 1982 wakashinda kwa korti ya rufaa. Si zamani hivyo. Mathe wako pengine alikuwa amezaliwa.

Na watu weusi je? Mwaka 1964, mwanaharakati Paul Stephenson aliingia baa ya Bay Horse mjini Bristol, akaambiwa atoke. Alikataa kutoka, polisi wakaitwa, akashtakiwa, kesi ikatupwa. Februari 1965 Malcolm X alitembelea Smethwick, karibu na Birmingham, akaingia baa moja na kunyimwa huduma kwa chumba cha wazungu. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Mwaka huo huo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi mahali pa umma, baa zikiwemo.

Sisi hiyo stori tunaijua. Hoteli ya Norfolk hapa Nairobi, iliyofunguliwa 1904, iliitwa House of Lords kwa utani juu ya masetla wenye vyeo waliojaa hapo. Mwafrika alikuwa anaingia kama mfanyakazi.

Kwa hivyo jua haki yako. Baa inaweza kumkataa mteja aliyelewa, na kisheria haifai hata kumuuzia. Lakini haiwezi kukukataa juu ya rangi, dini ama jinsia. Sheria ya usawa ya 2010 inakulinda. Ikitokea, usipigane. Andika saa, mahali na walichosema, toka, halafu piga laini ya ushauri ya Equality Advisory and Support Service.

Kengele na kurudi keja

Ukisikia kengele, hiyo ni nafasi ya mwisho ya kuagiza. Ikilia tena, kaunta imefungwa na una dakika chache za kumaliza. Sheria iliyoanza kufanya kazi Novemba 2005 iliruhusu baa kuomba masaa marefu, lakini nyingi za kitambo bado hufunga saa tano usiku. Anza mapema, kama wao. Saa kumi na moja jioni siku ya kazi si aibu.

Usiendeshe gari. Usifungue kopo kwa basi ama treni ya chini ya ardhi, tangu Juni 2008 pombe imekatazwa humo. Ijumaa na Jumamosi baadhi ya laini za treni hizo hutembea usiku kucha, so panga njia yako kabla ya raundi ya kwanza, ukiwa bado unasoma ramani vizuri.

Na uende karibuni. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Sasa hazifiki 50,000, na zingine zimegeuzwa nyumba za kukodisha. Zile za miaka 300 zimepona mioto, vita na kodi, lakini zinalipiwa na yule anayeingia leo na kuagiza, hata kama ni soda ya limau.