Wembe Mpole Si Wembe Butu

Mwenye ngozi nyepesi inayowasha na kutoka vipele kila anaponyoa ndevu huambiwa jambo lile lile na karibu kila mtu: tafuta wembe usio mkali sana. Ukiusikia mara ya kwanza, ushauri huo unaingia akilini. Ngozi imechubuka, kilichoichubua ni makali, basi punguza makali. Ila ukiifuatilia historia ya wembe wa makali mawili, tangu ulipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1903 hadi leo, utaona mambo yalikwenda kinyume cha hivyo. Ukiacha kando maumbo ya mashine zinazoushika, kila badiliko katika wembe wenyewe lililouletea uso nafuu lilikuwa la kuongeza makali, la kuyafanya yadumu, au la kuyafanya yateleze. Sijaona hata moja lililoleta nafuu kwa kuupunguzia wembe uwezo wake wa kukata. Kwa hiyo anayetaka wembe mpole asiusake miongoni mwa nyembe butu.

Kabla ya wembe wa makali mawili palikuwa na wembe wa kukunja, ambao upole wake ulitegemea mikono miwili: ya aliyeunoa na ya aliyenyoa. Jean-Jacques Perret, fundi visu wa Ufaransa, aliandika mwaka 1769 kitabu cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe, akapendekeza kinga ya mbao ya kuuzuia wembe usizame ngozini. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, mjini New York, walipata hataza ya mashine ndogo yenye kinga ya chuma. Hizo zilipunguza majeraha, lakini wembe uliokuwamo ulikuwa bado kipande kinene cha kunolewa na mwenyewe, na aliyeshindwa kuunoa aliteseka na kinga yake usoni. King Camp Gillette, mchuuzi wa vifuniko vya chupa, ndiye aliyewaza mwaka 1895 kwamba wembe uwe chuma chembamba cha kutumia na kutupa. Mafundi aliowaendea walimwambia haiwezekani: chuma chembamba kiasi hicho kikikomazwa kwa moto kitapinda. William Nickerson, mhandisi aliyesomea chuo cha MIT, alilimaliza tatizo hilo baada ya kampuni kuanzishwa mwaka 1901. Mwaka 1903 ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilikaribia 91,000 na nyembe zikapita 123,000. Bei ya mashine, dola 5, haikuwa ya mchezo kwa mfanyakazi wa wakati ule. Watu walilipa kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu asiyejua kunoa aliweza kupata makali mapya kila alipoyahitaji.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali yake iliagiza mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya askari, na walioponea mahandakini walirudi nyumbani na mazoea mapya. Nyembe hizo, hata hivyo, zilikuwa za chuma cha kaboni, na chuma hicho kikilowa kinashika kutu. Kutu haihitaji kuonekana kwa macho ili ilete madhara. Ukingo wa wembe ni mwembamba mno, hivyo chembe ndogo tu ya kutu inatosha kuuharibu. Mtu alinyoa vizuri siku ya kwanza, akavumilia ya pili, na kufikia ya nne alikuwa anajikwangua. Kwa kuwa wembe ulinunuliwa kwa fedha, wengi waliendelea nao hadi ngozi ilipogoma. Siamini kwamba wanaume wa miaka ile walikuwa na ngozi ngumu kuliko wa leo. Walizoea tu kuamini kwamba kuwaka uso ni sehemu ya kunyoa.

Mageuzi halisi yalikuja kati ya mwaka 1960 na 1963. Kwanza Gillette ilitoa wembe wa kaboni uliopakwa ukingoni tabaka jembamba la silikoni. Kisha Wilkinson Sword, kampuni ya Uingereza iliyojulikana kwa kutengeneza mapanga ya kijeshi na zana za bustani, ikatoa wembe wa chuma kisichoshika kutu wenye makali yaliyopakwa vivyo hivyo. Wanyoaji waligundua kwamba wembe mmoja unawafikisha mbali mara kadhaa kuliko ule wa zamani, wakaugombania, na Gillette ikapoteza sehemu kubwa ya soko lake kabla ya kujibu kwa wembe wake mwaka 1963. Kichekesho ni kwamba haki za ufundi wa kupaka zilikuwa mikononi mwa Gillette, na Wilkinson ililazimika kulipia kibali ili kumshinda mwenye mali. Ukiacha kutoweka kwa kutu, kwa mtu mwenye ngozi nyepesi kilichobadilika ni kipi? Chuma kisichoshika kutu kilikuwa kimeshajaribiwa kabla ya hapo bila kupendwa sana, maana chenyewe tu kilikuwa kinakwaruza. Kilichokifanya kipendwe ni mpako, na baadaye mpako huo ukawa wa jamii ya plastiki ile ile inayozuia chakula kisigande kwenye kikaango, ukisaidiwa na tabaka la kromu au platini chini yake. Majina ya mipako hiyo bado yanachapwa kwenye pakiti za nyembe, na ni miongoni mwa machache kwenye pakiti yenye maana kwa anayechagua.

Sababu ya makali na mpako kuleta upole haina ugumu. Wembe unapofika kwenye unywele, ama unaukata papo hapo ama unauvuta kwanza. Ukiuvuta, ngozi inayozunguka shina lake inanyanyuka na kuwa kilima kidogo, na ukingo unaofuata nyuma unakikwangua kilele cha kilima hicho. Mnyoaji naye akihisi nywele zimebaki, anakandamiza, anarudia pale pale mara ya pili na ya tatu, sasa bila povu. Vipele vingi anavyovilaumu kwa makali vimeletwa na kurudiarudia huko. Mwaka 2020 watafiti wa MIT walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza kwa hadubini ya elektroni kinachoupata wembe unaponyoa. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kiasi cha mara 50, lakini waliona kwamba unapopinda na kugusana na ukingo kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma hakiko sawasawa kwa ndani, unamegua vijipande vya ukingo. Yaani wembe hauishi kwa kusagika taratibu tu. Unapata mapengo, na ukingo wenye mapengo hupita shavuni kama msumeno. Wembe uliochakaa unaweza kuonekana butu kwa nywele huku ukiwa mkali kwa ngozi, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Wapo watakaopinga kwa hoja ya Feather. Wembe huo wa Japani, unaotoka mji wa Seki wenye mapokeo marefu ya uhunzi wa panga, unasifika kuwa mkali kupita karibu zote, na wengi waliojaribu walijikata. Hao hao wakihamia Derby ya Uturuki, yenye sifa ya upole, wanapumua. Je, si ushahidi kwamba makali kidogo ni salama? Ni ushahidi wa jambo lingine. Mkono uliozoea mashine za plastiki umezoea kukandamiza, na wembe mkali haumsamehe anayekandamiza. Isitoshe, upole una mlango wa pili ambao si wembe: kichwa cha mashine, yaani kiasi cha ukingo kinachojitokeza na upana wa nafasi kati yake na kinga. Gillette yenyewe iliuza kuanzia mwaka 1958 mashine yenye gurudumu la namba 1 hadi 9 la kupunguza au kuongeza nafasi hiyo, wembe ukiwa ni ule ule mmoja. Nakubali kwamba kwa majuma ya kwanza mgeni wa mashine hizi anafaa kuanza na wembe wa makali ya wastani. Baada ya hapo, mashine isiyojitokeza sana yenye wembe mkali uliopakwa vizuri humfaa mwenye ngozi nyepesi kuliko mashine katili yenye wembe mlegevu. Na kwa kuwa jina moja la biashara limewahi kutengenezwa katika viwanda vya nchi tofauti, anunue pakiti ndogo za aina chache, asibadilishe mashine wala sabuni anapozilinganisha, na autupe wembe siku ile unapoanza kuvuta nywele hata kama haujaonekana kuchakaa.

Pingamizi zito zaidi linawahusu hasa wenye nywele za kipilipili, na hao ndio wengi wa wasomaji wa Kiswahili. Unywele uliojikunja ukikatwa karibu mno na ngozi unarudi kutoboa pembeni, na mwili unaushambulia kama mwiba. Hapa tatizo ni ukaribu, na wembe mkali unaleta ukaribu. Hoja hii naipokea nusu. Ukaribu wa kupindukia uliingia kwa nguvu mwaka 1971, mashine za kichwa chenye nyembe mbili zilipoanza kuuzwa kwa ahadi kwamba wa kwanza unauvuta unywele na wa pili unaukata kabla haujarudi ndani. Wembe mmoja, unaopita mara moja kufuata uelekeo wa nywele baada ya uso kulowa vyema, hauna uvutaji huo. Zipo tafiti za kitabibu zilizowakuta baadhi ya watu wakistahimili hata mashine za nyembe nyingi, kwa hiyo sitasema ni sheria kwa kila shavu. Lakini kumpa mwenye nywele hizi wembe butu ni kumwongezea uvutaji juu ya ukaribu.

Kwa baadhi ya watu hakuna wembe wowote unaofaa, na historia inalo hili pia. Katika jiji la Atlanta, wazima moto weusi waliokuwa na ugonjwa huu wa nywele kurudi kutoboa ngozi walikwenda mahakamani kupinga amri ya kunyoa ndevu zote. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa iliupa ushindi upande wa jiji, kwa hoja kwamba barakoa ya hewa lazima ibane uso. Nje ya kazi kama hiyo, daktari wa ngozi atamshauri mgonjwa aachane na wembe, atumie mashine ya umeme inayobakiza kama milimita moja ya nywele.

Katika vibanda vya vinyozi vya Afrika Mashariki makali mapya na tahadhari ya afya vimeshakutana bila mtu kupanga. Kampeni za kuzuia UKIMWI zilisisitiza kwamba nyembe zisichangiwe, na kinyozi anayejali akaanza kuufungua wembe mpya mbele ya mteja, akauvunja katikati ndani ya karatasi yake na kuingiza nusu moja kwenye kishikio. Amri hiyo ya afya ilimletea mteja, kwa bahati tu, makali mapya yasiyo na kutu wala mapengo. Linalobaki ni jinsi kinyozi anavyoyatumia, kwa kuwa wateja wengi bado wanataka shingo iwe nyororo kabisa, naye anawaridhisha kwa kuupitisha kinyume cha nywele, juu ya ngozi kavu.