Fahamu: Jinsi maji na pombe vinavyoshikana

Gongo ikimiminwa kwenye glasi kando ya maji, macho hayawezi kutofautisha. Hata methanoli, pombe yenye sumu, haina rangi na huchanganyika na maji kabisa. Kwa nini?

Molekuli za maji hushikana: hidrojeni ya moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Mshiko huo huitwa kifungo cha hidrojeni. Ethanoli, pombe ya kunywa, nayo hushikana hivyo na maji, zikabanana. Ndiyo maana mililita 50 za maji na 50 za ethanoli hutoa takriban 96, si 100.

Wanasayansi huchunguza vifungo hivyo kwa spektroskopia. Hupitisha mwanga usioonekana, infraredi, kwenye mchanganyiko na kupima kiasi kilichofyonzwa. Kifungo kikiwa imara zaidi, alama ya oksijeni na hidrojeni husogea na kutanuka. Methanoli na ethanoli kila moja ina alama zake, hivyo sumu hutambulika.

Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 60 nchini Kenya. Msikilizaji wetu wa Pongwe, kuonja au kuiwasha moto hakuthibitishi usalama. Aliyekunywa akaanza kuona ukungu, awahishwe hospitali.