Binti na Mafundisho ya Afya katika Inchi ya Basoko

Basoko inakaa pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo. Mambo mengi yaliyofika katika inchi ile, mema na mabaya, yalifika kwa njia ya mto. Mwaka 1877 Stanley alipita na kupigana na wenyeji mdomoni mwa Aruwimi. Kuelekea 1889 serikali ya Leopold II iliweka pale kambi ya askari. Ugonjwa wa malale ulifuata mto, na misioni vilevile. Basi tujiulize: mafundisho ya kulinda mwili yalipofika, yalifika kwa nani kwanza? Na binti aliyapata lini?

Padri Gabriel Grison alianzisha misioni ya Saint-Gabriel, karibu na maporomoko ya Kisangani, mwaka 1897. Katika masomo ya wakati ule, kijana mwanaume alijifunza kusoma na kuandika ili awe katekista ao karani. Binti alifundishwa sala, kushona na usafi wa nyumba. Hatuzarau kazi hiyo. Masista waliifanya kwa jasho. Lakini juu ya mwili wake mwenyewe binti aliambiwa machache sana.

Tuseme haki hata juu ya ndugu zetu Waprotestanti. Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, munganga Clement Chesterman alifika mwaka 1920. Alipigana na malale kwa sindano, akajenga hospitali, akafundisha vijana kazi ya uuguzi ili watumikie vijijini. Ilikuwa kazi kubwa. Hata hivi, muuguzi yule alikuwa mwanaume, pengine wa ukoo wa baba yake binti. Binti angewezaje kumwambia habari za damu yake? Alinyamaza. Kiisha wanawake nao wakafundishwa kuzalisha. Lakini anayekutana na mzalishaji amekwisha kuchukua mimba. Mafundisho yalimkuta njiani, si nyumbani.

Masomo ya juu yalichelewa zaidi. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza masomo ya chuo kikuu, alipata diploma yake Lovanium mwaka 1964 tu. Mwaka uleule vita ya Wasimba ilivunja misioni nyingi za upande wetu. Sista Anuarite wa Jamaa Takatifu, aliyekuwa mwalimu Bafwabaka, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba.

Na leo? Hesabu ya serikali ya 2013–2014 ilionyesha kwamba katika Kongo, kwa kila wasichana 100 wa miaka 15 mpaka 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa ao kuchukua mimba. Katika kila watoto 100.000 waliozaliwa wazima, wamama 846 walikufa kwa sababu ya mimba ao uzazi. Sheria ya 2009 inakataza ndoa ya mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini mara nyingi mali ya ndoa imekwisha kupokelewa kijijini mbele ya mtu kuuliza miaka.

Wengine wanasema: «Binti akijua mengi ataharibika.» Sisi tunajibu kwa swali: wale 27, je, ujinga uliwalinda? Aliyefundishwa kwamba mwili wake ni kazi ya Mungu, na namna unavyofanya kazi, ana nguvu ya kukataa. Asiyejua atakataa kwa neno gani?

Ndugu mapadri na wakatekista, sisi ndio tunaoandika majina ya wachumba. Basi tuulize miaka ya binti mbele ya kuandika. Tuombe masista wauguzi na wamama wazalishaji wakutane na mabinti peke yao, mbele ya uchumba: wawaeleze habari za damu ya mwezi, za magonjwa ya zinaa, na alama za hatari katika mimba, kama kutoka damu, kuvimba uso, kuumwa kichwa sana na kushikwa na degedege. Wazazi waelezwe kwanza, wasidhani tunawafundisha watoto wao uchafu.

Ninyi seminaristi, mtatumwa vijijini kesho. Zamani mafundisho yalipanda mto na kumfikia binti mwisho. Tusirudilie kosa lile.