Kichakataji mwenza

Mwalimu wa kompyuta wa Same akifungua IBM PC ya 1981, ataikuta soketi ya pini 40 kando ya kichakataji kikuu, mara nyingi ikiwa tupu. Ni nafasi ya Intel 8087, chipu iliyotoka 1980 kwa ajili ya desimali ndefu, vipeuo na logi. Bila hiyo, hesabu hizo zilifanywa kwa programu, polepole mno.

Wapo watakaoiita kichakataji saidizi. Mimi natetea kichakataji mwenza, kama tusemavyo mgombea mwenza. 8087 haikungoja kutumwa. Ilifuatilia mfululizo uleule wa amri uliosomwa na kichakataji kikuu, 8088, na amri ya hesabu ilipopita, ikaidaka. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya Upare, huenda hivyo: mwito ni mmoja, kila mtu hushika kazi anayoimudu. Hata hivyo mwenza huyu hakuweza kuendesha mashine peke yake.

Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini chipu za enzi hiyo ni adimu kwetu, na iliyopo inastahili kutambuliwa kwa usahihi.

Maandishi ya mgongoni hupotosha. 8087 ya kawaida ni ya megahezi 5, 8087-2 ni ya 8, na 8087-1 ni ya 10: tarakimu ya mwisho ikipungua, kasi inaongezeka. Tatizo kubwa zaidi ni 80287XL. Jina lake ni la 80287 (287), mrithi wa 8087, na inaingia kwenye soketi ya 287, ila kiini chake ni cha 80387 (387) ya 1987. Ndiyo maana neno toleo halitoshi. Tuseme aina kwa umbo la nje, na kiini kwa kilichomo ndani. Kiini hupimwa kwa swali moja: je, infiniti chanya ni sawa na infiniti hasi? 287 ya awali, ikiwa imewashwa tu, hujibu ndiyo. 387 hujibu hapana, na XL vilevile.

Mwaka 1989 Intel 486 ilimeza hesabu za kichakataji mwenza ndani yake. Kisha ikaja 486SX isiyo na uwezo huo, na 487SX ikauzwa kama mwenza wake. Kumbe ni 486 kamili: ikichomekwa, huizima ile ya kwanza na kuendesha mashine yote. Kwenye orodha ya vifaa, hii iandikwe kichakataji kikuu.