Nani Alivuta kwa Magurudumu Manne

Tangu nianze kushika spana hapa Tarime, pikapu ya kuvuta kwa mbele sijaingiziwa gereji hata moja. Zilizopita mikononi mwangu ni za namna mbili tu: zinazosukuma kwa nyuma, na zinazotumia magurudumu yote manne, yaani fowili. Wabrazili wana Fiat Strada, pikapu ndogo inayovuta kwa mbele, na miaka ya karibuni imekuwa ikiongoza kwa mauzo nchini kwao. Marekani nako, Ford walitoa Maverick ya mtindo huohuo mwaka 2021. Huku kwetu kuvuta kwa mbele kulikuja kwa mlango mwingine kabisa, nami nitaufikia. Naanza na fowili, kwa sababu katika wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, kwa miaka mingi ukitaka kujua nani mwenye amri ulichungulia tu chini ya gari lake.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikatangazwa 1951. Vitu hivi viwili vilikua pamoja. Myles Turner, mhifadhi aliyefanya kazi Serengeti kuanzia 1956 hadi 1972, aliongoza doria za kusaka wawindaji upande wa magharibi, huko kwa Waikoma, Wanata na majirani zao, watu waliokuwa wamewinda huko kabla mpaka wowote haujachorwa. Kwa hiyo vijiji vingi viliifahamu fowili kama gari linalokuja kukamata kabla hawajaifahamu kama gari la kubeba mzigo. Tarime milimani ilikuwa hivyo hivyo, ila abiria ndio tofauti: mkuu wa wilaya, polisi, bwana shamba, padri.

Zile Land Rover za zamani nilizikuta bado zinatembea nilipokuwa kijana wa gereji. Kwa kawaida zilisukuma kwa nyuma. Njia ikiharibika, dereva alikandamiza kifundo cha njano pembeni ya gia, mbele ikaingia kazini. Matope yakizidi, alisimama, akavuta kiwiko chekundu, akapata gia nzito za kupandia mlima. Ubaya wake ni kwamba ukisahau kutoa fowili ukifika njia kavu, gari linajikaza lenyewe. Kwenye kona tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Zikiwa zimefungwa pamoja, kitu fulani lazima kiumie, na mara nyingi ni tairi au gia boksi. Mwaka 1983 ikaja Land Rover One Ten, ambayo magurudumu yake manne yanafanya kazi muda wote. Waingereza waliweka difu ya tatu katikati, mbele na nyuma zipate kupishana kwenye kona bila ugomvi. Nitairudia difu hiyo, maana imeniletea wateja wengi.

Mfanyabiashara wa kawaida hakuwa na hayo yote. Yeye alikuwa na Peugeot 404, baadaye 504, au Datsun, na baadaye tena Hilux ya kusukuma nyuma. Hilux yenyewe ilizaliwa 1968, lakini fowili yake ilitoka 1979, na hiyo haikuwa ya mwenye duka. Jambo ambalo wageni hawalielewi ni kwamba pikapu ya kusukuma nyuma ikijaa mzigo hupanda vizuri sana. Weka magunia ya mahindi au kahawa hadi springi zilale, tairi za nyuma zinauma udongo, na mlima wa Muriba unaupanda huku mvua inanyesha. Balaa ni kurudi mtupu. Nyuma inakuwa nyepesi, makalio ya gari yanacheza ngoma barabara nzima. Dawa zilikuwa mawe, gunia la mchanga, au taniboi wawili wasimame kwenye bampa la nyuma wakirukaruka ili tairi zikamate. Mimi ujana wangu nimerukaruka sana kwenye bampa, na sijui kwa nini kazi hiyo haina pensheni.

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 80, magari ya Kijapani yakaongezeka, lakini fowili mpya ikabaki ya serikali, mashirika na misheni. Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza 1984, ndizo zilizoiondoa Land Rover barabarani kwetu. Mgodi wa North Mara ulipoanza kuchimba Nyamongo mwaka 2002, tukazizoea Land Cruiser nyeupe zenye mkonga. Mgodi umebadili mikono, ukawa wa Placer Dome, Barrick, Acacia, kisha Barrick tena. Gari halikubadilika.

Mwaka huohuo wa 2002 Toyota ilitoa Probox. Ndiyo hiyo tunayoiita mchomoko, na ndiyo iliyotuletea kuvuta kwa mbele. Ilitengenezwa kubebea bidhaa mijini huko Japani. Sisi tukaifanya basi la abiria, na siku ya mnada tukaifanya pikapu. Hapo ndipo hesabu ya zamani ilipopinduka. Ikiwa tupu inatambaa matopeni vizuri kuliko Hilux, kwa kuwa uzito wa injini umekaa juu ya tairi zinazovuta. Ijaze watu na ndizi nyuma, pua inanyanyuka, na tairi za mbele zinabaki kuchezea udongo. Basi utaona jambo la ajabu mlimani siku ya mvua: abiria wanashuka, dereva anageuza gari, anapanda kinyumenyume. Si wazimu. Mlimani uzito hukimbilia upande wa bondeni, na ukigeuza gari, tairi zinazovuta ndizo zinazokuwa huko. Madereva waligundua wenyewe, hakuna mtu aliyewafundisha.

Kinachowaponza ni kile kipira cha sivijointi. Kikichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda mfupi gari linaanza kulia ka-ka-ka kila likikata kona. Kipira ni cha bei ndogo. Sivijointi siyo.

Sasa fowili nazo zimeshuka cheo. Gari la serikali au la shirika likichoka linapigwa mnada, mwenye duka analinunua, na ombi lake la kwanza gereji ni kutolewa propela ya mbele, ili apunguze vyuma vya kulainisha na kurekebisha. Kwenye Land Cruiser ni kazi ndogo, nati nne huku na nne kule. Kwenye One Ten ukifanya hivyo bila kufunga ile difu ya kati, injini itanguruma na gari halitasogea hata hatua moja, kwa sababu nguvu yote inakimbilia pale palipo wazi. Nimeletewa magari yakivutwa kwa kamba, mwenyewe akiamini gia boksi imekufa, kumbe ni kiwiko kimoja cha kusogeza.

Barabara ya Tarime hadi Mugumu, kilomita kama 87, imeanza kupata lami kwa vipande, na wateja wa mjini na wa Sirari wamezisahau propela zao nilizozitundika ukutani kwangu. Wa Gorong'a na Nyanungu hawajasahau. Kila inapokaribia Machi na mvua zake za masika wanakuja, wanasimama mlangoni: “Mura, propela yangu iko wapi?” Najibu, “Shikamoo mzee, ipo,” naingia chini ya gari.